UZI: Kufufua programu za kale za haipateksti, na kwa nini kunakili faili peke yake hakutoshi

#1 Mtunza Diski (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ninaposoma kwamba kubofya neno na kurukia ukurasa mwingine (ndiyo haipateksti yenyewe) kulianza na wavuti, roho inaniuma. Nyuma ya wavuti kuna zaidi ya miaka 20 ya programu zilizoandikwa, zikatumika, zikapendwa na watu, na nyingi kati ya hizo leo huzikuti zikifunguka popote. Nimefungua uzi huu tujadili zinaokolewaje, nani wanaziokoa, na ni kitu gani hasa kinachostahili kuokolewa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wa kunipinga waanze mapema: ukiokoa faili za haipateksti ukaacha namna programu ilivyokuwa ikimjibu mtumiaji, hujaokoa haipateksti. Umeokoa maandishi yake tu.

Historia naipitia haraka maana wengi mnaijua. Mwaka 1945 Vannevar Bush alichapisha katika The Atlantic wazo la Memex, mashine ya mezani ambayo msomaji angeitumia kuunganisha nyaraka na kuwaachia wenzake njia alizopita. Haikujengwa. Ted Nelson akaja na jina la haipateksti, akalichapisha mwaka 1965. Desemba 9, 1968, Douglas Engelbart alisimama mbele ya wataalamu San Francisco akaonyesha mfumo wa NLS kwa takriban dakika 90: kipanya, viungo kutoka waraka hadi waraka, na mwenzake aliyekuwa Menlo Park wakifanya kazi kwenye andiko moja kwa wakati mmoja. Huko Chuo Kikuu cha Brown, Andries van Dam na wanafunzi wake, wakishirikiana na Nelson, walikuwa wameshaandika HES kwenye IBM System/360, kisha ikaja FRESS. Zikafuata ZOG, Guide, HyperTIES, NoteCards, Intermedia, na mwaka 1987 HyperCard ya Bill Atkinson.

Ninachotaka tukitazame ni hatima zake, kwa sababu kila moja ilipata yake.

Intermedia ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Ilitengenezwa Brown katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Viungo vyake havikuandikwa ndani ya waraka kama tunavyofanya kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Vilikaa kwenye hifadhidata yake pembeni, vikaenda pande zote mbili, na ungeweza kuchukua nyaraka zilezile ukazivalisha utando mwingine kabisa wa viungo: mwalimu ana wake, wanafunzi wana wao. Wavuti ya leo haijalifikia hilo kikamilifu. Lakini Intermedia ilikaa juu ya A/UX, mfumo endeshi wa Apple wa jamii ya Unix. A/UX ikabadilika, fedha za mradi zikaisha, na programu ikabaki bila ardhi ya kusimama. Watumiaji wake hawakuwa wameichoka. Kilichoondoka ni tabaka lililokuwa chini yake.

NoteCards ya Xerox PARC ilikuwa kwenye hatari ileile, tena kubwa zaidi, maana iliandikwa kwa Interlisp-D (lugha ya programu ya jamii ya Lisp) juu ya mashine za Xerox ambazo hakuna anayezitengeneza tena. Ikapona. Sababu ni kwamba mapema kabisa mazingira yale ya Lisp yalihamishiwa juu ya mashine pepe (programu inayoiga kompyuta) iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayoitwa Maiko. Interlisp huhifadhi kumbukumbu nzima ya mfumo kama faili moja, pamoja na kila kilichokuwa hai ndani yake. Kwa hiyo mwaka 2020 watu wa kujitolea walipoanza kuifufua Maiko ikubali vikusanyaji vya leo (programu zinazogeuza msimbo kuwa kitu cha kuendeshwa), akiwemo Larry Masinter aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa Interlisp wenyewe, hawakufufua programu moja. Waliamsha nyumba nzima na waliokuwa wamelala ndani. Leo mradi huo, Medley, unafunguka kwenye Linux, macOS, Windows, hata ndani ya kivinjari, na NoteCards imo, inafungua kadi zake na kuchora ramani ya viungo vyake.

HyperCard ina shida ya aina nyingine. Programu yenyewe haiko hatarini. Iligawiwa bure pamoja na Macintosh, nakala zake ziko kila mahali, na emuleta (programu zinazoiga mashine za zamani) zinaiendesha vizuri. Apple waliiondoa sokoni mwaka 2004. Kilicho hatarini ni staki, yaani marundo ya kadi yaliyotengenezwa na watu wa kawaida: walimu, madaktari, watafiti, watoto wa shule. Wengi wao hawakuwa waandishi wa programu, na kwa wengine ile ilikuwa programu pekee waliyowahi kutengeneza maishani. Kazi hizo hazina nakala nyingine duniani. Ziko kwenye flopi ndani ya maboksi, na sumaku ya flopi inachoka.

Na kuna zilizokwenda moja kwa moja. Mwaka 1980, akiwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kwa mara ya kwanza, Tim Berners-Lee aliandika ENQUIRE, babu wa wavuti. Diski ya inchi 8 aliyoiacha nyuma ilipotea.

Karibuni.

#2 Hoja Kwanza

Mkuu, uzi mzuri ila nakupinga. Emuleta nayo ni programu. Itazeeka, itahitaji emuleta yake, na hiyo nayo yake, mpaka lini? Mimi naona njia salama ni kutoa maandishi, picha na viungo, ukavihamishia kwenye HTML ya kawaida au maandishi matupu. Hayo yatasomeka hata miaka 100 ijayo. Msomaji anataka maudhui, hana haja ya kujua kitufe kilikuwa na kivuli cha namna gani. Tukiendelea kung'ang'ania mashine tutapoteza muda wa kuokoa maudhui yenyewe.

#3 Mtunza Diski

@Hoja Kwanza, swali lako ni la msingi. Kuhusu kuhamisha maandishi sina ugomvi na wewe, yafanyike, tena mapema. Ugomvi wangu ni pale unaposema "viungo" kana kwamba kila mfumo ulikuwa na kiungo cha aina moja.

Chukua *afternoon, a story* ya Michael Joyce, iliyoandikwa kwa Storyspace (programu ya kutungia simulizi za haipateksti) na kuchapishwa na Eastgate mwaka 1990. Maneno yenye viungo ndani yake hayajapigiwa mstari. Msomaji anahisi, anabofya, anaona kama neno limekubali. Zaidi ya hapo, kuna viungo vyenye masharti: havifunguki mpaka uwe umeshapita kurasa fulani. Maana yake kurasa zilezile zinamwongoza mtu mmoja kwenye jambo ambalo mwingine halioni kabisa mpaka arudi mara ya pili au ya tatu. Toa maandishi yote uyaweke kwenye HTML yenye mistari ya bluu, umebakiwa na nini? Rundo la aya. Masharti ndiyo yaliyokuwa simulizi.

HyperCard ndiyo kabisa. Mle kiungo si kitu kilichoandikwa mahali ukakinyofoa. Kitufe kina skripti ya HyperTalk, na skripti inasema ikibofywa ifanye nini: nenda kadi fulani, lakini kama sehemu ile haijajazwa piga sauti, kama imejazwa hesabu kwanza. Viungo vya staki ni programu inayotekelezwa. Huwezi kuvitoa kama orodha, kwa sababu kabla ya kubofya havipo.

Na kwenye NLS, Engelbart alimpa msomaji uwezo wa kuamua aone kiasi gani: vichwa tu, au mstari wa kwanza wa kila aya, au ngazi mbili za kwanza za andiko. Andiko la NLS lililochapwa kwenye karatasi lote kwa pamoja halifanani na jinsi mtu yeyote alivyolisoma.

Hoja yako kwamba emuleta zinazeeka ni ya kweli, nitairudia. Nawaachia wengine kwanza.

#4 Boksi la Marehemu

Samahanini wakuu, mimi si mtaalamu. Nimerithi boksi la flopi za inchi 3.5 kutoka kwa ndugu aliyekuwa mwalimu. Lebo zinasema "HyperCard – kazi za darasa". Nimenunua kisoma flopi cha USB, nikachomeka, kompyuta inaniambia diski haijaumbizwa, je niiumbize? Je, zimekufa?

#5 Fundi Kapasita

@Boksi la Marehemu, USIKUBALI. Bonyeza hapana, toa diski, usiirudishe humo. Ukikubali kuumbiza umefuta kazi ya ndugu yako.

Uwezekano mkubwa hazijafa. Flopi za Macintosh za mwanzo, za 400K na 800K, ziliandikwa na kisomaji kinachobadilisha kasi ya mzunguko: kikiwa ukingoni mwa diski kinazunguka polepole, kikienda katikati kinaongeza kasi, ili nafasi ya nje ibebe data nyingi zaidi. Namna ya kuandika biti pia ni tofauti na ya PC. Kisoma flopi chako cha USB kinajua mtindo mmoja tu, kwa hiyo kinaona kelele na kudhani diski ni tupu. Diski za 1.44 za Macintosh za baadaye kingeweza kuzisoma, hizo za zamani hapana.

Unachohitaji ni kifaa kinachosoma mabadiliko ya sumaku yenyewe bila kujali yana maana gani, halafu programu inayatafsiri baadaye. Kuna Greaseweazle, kuna KryoFlux, kuna Applesauce kwa vitu vya Apple. Greaseweazle ni bodi ndogo unayoiunganisha na kisoma flopi cha kawaida cha PC, na msimbo wake uko wazi kwa umma. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata sekta iliyoharibika unabaki na mawimbi yake, na kesho mtu mwenye akili kuliko sisi anaweza kuyasoma.

Kabla ya yote, kila diski funga isiandikike. Kwenye inchi 3.5 sogeza kile kiplastiki mpaka tundu lionekane wazi. Nasisitiza kwa sababu kwenye inchi 5.25 mambo ni kinyume: pale unafunika pengo ndipo inalindwa. Watu waliozoea moja wanakosea nyingine.

Sogeza kifuniko cha chuma taratibu utazame uso wa diski kwa tochi. Ukiona madoa meupe au ya kijivu kama vumbi lililoganda, hiyo ni kuvu. Usiitie kwenye kisomaji. Kichwa kitaikwangua, kitabeba uchafu, na diski safi inayofuata itakwaruzwa. Za kuvu ziweke kando zisafishwe na mtu anayejua. Na anza na diski zilizo katika hali nzuri, usianze na ile unayoitamani zaidi.

Jambo la pili, kama umerithi na mashine yenyewe, usiiwashe kwanza. Nimeona wengi wakitoa Macintosh ya zamani stoo wakaichomeka umeme kwa furaha. Kapasita za bodi za miaka ile, hasa zile ndogo za kubandikwa juu, huvuja maji yanayokula njia za shaba. Betri ya lithiamu ya volti 3.6 iliyo ndani hupasuka, na ikipasuka inaweza kuila bodi nzima. Ifungue, toa betri leo hii hata kama huna mpango wa kuitengeneza. Kwenye pawa saplai za Apple II na BBC Micro kuna kapasita za karatasi ambazo ganda lake likishapata nyufa huvuta unyevu, ukiwasha zinatoa moshi chumba kizima. Hizo badilisha kabla ya kupitisha umeme.

Kwa maoni yangu mashine asilia bado ina nafasi yake. Mwaka 2016 na 2017 kikundi cha watu wachache kilifufua Xerox Alto, mashine ya 1973, wakaandika hadharani kila hitilafu waliyoikuta. Mambo mengi ya mashine ile yalithibitishwa kwa kupima nyaya zenyewe. Emuleta nzuri huandikwa na watu waliowahi kusimama mbele ya mashine.

#6 Msomaji tu

Naweka kambi hapa. Shusheni nondo wakuu.

#7 Mkutubi

Nimefanya kazi ya kumbukumbu na nyaraka, niongeze upande ambao mafundi huuruka.

@Boksi la Marehemu, kabla hujasoma diski hata moja, piga picha lebo, boksi, na mpangilio wa diski ndani ya boksi. Mpangilio ni habari. Diski mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira huenda ni kazi moja. Karatasi iliyochomekwa katikati usiitupe. Kisha ipe kila diski namba yake, na imeji (faili moja yenye nakala kamili ya diski) ibebe namba ileile. Ukishapata imeji, kokotoa hashi yake (namba ya utambulisho inayobadilika faili ikiguswa), kwa mfano ya SHA-256, uiandike pembeni. Baadaye ukitaka kujua kama faili imeguswa, kokotoa tena ulinganishe. Imeji ya kwanza haifunguliwi na programu yoyote. Kazi zote zinafanyika kwenye nakala.

Hili la nakala kwa HyperCard lina uzito wa pekee. HyperCard haikuulizi kama unataka kuhifadhi. Kila unachokigusa inakiandika palepale. Ukifungua staki ya asili na kubofya vitufe kwa udadisi, tayari umeshaibadilisha, na staki zinazohesabu ziara au kuandika tarehe hubadilika zenyewe.

Pia, msikopi staki kwenye flashi ya kawaida. Faili za Macintosh ya zamani zina sehemu mbili. Kwenye staki, kadi na skripti ziko sehemu moja, na aikoni, sauti na vipande vya programu vya nyongeza viko nyingine. Flashi yenye mpangilio wa PC inaweza kubeba ya kwanza na kuiacha ya pili bila kukuonya. Utafungua staki ukute kadi zipo, lakini sauti hazipo na vitufe vingine havifanyi kazi, ukadhani mwandishi hakumaliza. Iacheni ndani ya imeji ya diski, au ifungeni kwa MacBinary, umbizo linaloweka sehemu zote mbili ndani ya faili moja.

La mwisho ni la heshima. Flopi za mwalimu zinaweza kuwa na alama za wanafunzi, barua, majina ya watoto ambao leo ni watu wazima. Kuokoa hakumaanishi kuchapisha. Soma kwanza, tenga vya faragha, ndipo ufikirie kushirikisha wengine.

Kuhusu hakimiliki: kampuni kufungwa hakufuti haki, huwa zinahamia kwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hajui kama anazo. Marekani mwaka 2018 ilitoa ruhusa kwa maktaba, kumbukumbu na makumbusho kuvunja kufuli za programu zilizopatikana kihalali ambazo haziuzwi tena, kwa ajili ya kuzihifadhi. Kila nchi ina sheria yake, iangalieni ya kwenu. Ila kazi ya ndugu yako mwenyewe, kama wewe ndiye mrithi, una nafasi nzuri kuliko wengi.

#8 Hoja Kwanza

Nimesoma #3 mara mbili. Kwenye viungo vyenye masharti nakubali, HTML tupu haitoshi. Lakini hakuna aliyejibu la emuleta kufa. Na niongeze: taasisi nazo zinakufa. Mnategemea nani?

#9 Njia Panda

@Hoja Kwanza, mfano unaokusaidia wewe na kukupinga papo hapo ni BBC Domesday.

Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa cha Domesday cha mwaka 1086, BBC waliongoza mradi uliochukua maandishi na picha kutoka kwa watu zaidi ya milioni moja wa Uingereza, wengi wakiwa watoto wa shule. Vikawekwa kwenye diski za leza, vikasomwa kwa kompyuta ya BBC Master na kicheza diski maalumu cha Philips. Ilikuwa haipamidia kamili, yaani haipateksti yenye picha na video: unatoka kwenye ramani ya nchi unashuka hadi kijiji, unafungua picha, unaingia chumbani. Ndani ya miaka 15 wenye mashine nzima wakabaki wachache, na watu wakaanza kuogopa kwamba kitabu cha 1086 kinasomeka na cha 1986 hakisomeki.

Mwaka 2002 mradi wa CAMiLEON wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ulionyesha mfumo ule ukiendeshwa kwa emuleta. Mwaka 2011 BBC wakaweka sehemu ya maudhui mtandaoni, kwa njia unayoitaka wewe, kurasa za kawaida. Tovuti hiyo nayo ikafungwa, ikahifadhiwa kwenye kumbukumbu za taifa. Kwa upande mwingine, watu wa kujitolea wakatengeneza kifaa kinachonasa mawimbi ghafi yanayotoka kwenye leza, kwa wazo lilelile la Fundi Kapasita kuhusu flopi. Kwa hiyo ile "salama" ya kurasa za kawaida ilidumu miaka michache tu, na njia ngumu bado iko hai.

Taasisi kufa ni kweli tupu. Makumbusho ya Living Computers ya Seattle, iliyoanzishwa na Paul Allen, ilikuwa na mashine za kale zinazofanya kazi ambazo mtu yeyote angeketi akazitumia. Ilifungwa 2020, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba haitafunguliwa tena, vitu vingine vikapelekwa mnadani. Inauma. Lakini emuleta ya Alto iliyoandikwa pale, ContrAlto, msimbo wake ulikuwa wazi kwa umma, na bado upo mikononi mwa watu. Mashine zilitawanyika, msimbo ukabaki.

#10 Mtunza Diski

Asante @Njia Panda, umenisaidia kujibu.

@Hoja Kwanza, emuleta inakufa ikiwa msimbo wake umefungwa na maelezo ya mashine hayajaandikwa. Maiko ilifufuka kwa sababu ni C ya kawaida. SIMH, emuleta ya kompyuta nyingi za kale, imeendelea tangu miaka ya 1990, ikihama kutoka kompyuta hadi kompyuta, kwa sababu iliandikwa ihame. Na hata mambo yakiharibika kabisa, karatasi inaweza kuokoa: kiini cha Toleo la Kwanza la Unix la kompyuta ya PDP-11 kilirudi uhai mwaka 2008 kutokana na chapisho la msimbo la mwaka 1972. Watu wa jumuiya ya kuhifadhi Unix waliskani karatasi, wakasahihisha herufi kwa mkono, wakajaza mapengo, mpaka kikawaka ndani ya SIMH. Hawakuwa na diski ya kiini hicho. Walikuwa na msimbo, na mwongozo wa PDP-11 ulioeleza kila amri ya mashine inafanya nini.

Kuna njia ya tatu ambayo naipenda, ya kujenga upya. CERN mwaka 2013 walileta watu wakatengeneza upya kivinjari cha mstari, kile cha herufi tupu, kiendeshwe ndani ya vivinjari vya leo. Februari 2019 wakafanya hivyo kwa kivinjari cha kwanza chenyewe cha WorldWideWeb cha kompyuta ya NeXT. Ukikitumia unaona mara moja jambo ambalo wengi hawalijui: kilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja, unasoma ukurasa na kuuandika palepale, na kila kiungo kinafungua dirisha jipya. Kwa kufundishia sijaona kitu bora. Ila kujenga upya ni tafsiri ya aliyejenga. Ukitaka ushahidi wa jinsi programu ilivyofanya, unarudi kwenye msimbo wa asili ukiendeshwa, au mashine yenyewe.

Na kuna kitu ambacho hakimo kwenye diski kabisa: mkono wa aliyeitumia. Dene Grigar na Stuart Moulthrop walifanya jambo ninalotamani lifanyike kwa kila mfumo. Waliwaketisha waandishi wa haipateksti za mwanzo mbele ya mashine za enzi yao, wakawarekodi wakisoma kazi zao wenyewe, wakibofya na kueleza kwa sauti kwa nini wanakwenda huku na si kule. Video hiyo haichukui nafasi ya programu, lakini inakuonyesha kasi, kusita, mahali ambapo mwandishi alitarajia msomaji apotee. Bill Atkinson alifariki Juni 2025. Waliojenga mifumo hii wanazeeka, na wengi wao hawajawahi kuulizwa maswali madogo: kwa nini kitufe hiki kiko hapa, nani alikipinga, mlikitumiaje siku ya kawaida ya kazi. Diski iliyofungwa vizuri inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi. Mtu mwenye miaka 85 msimsubirishe.

#11 Hoja Kwanza

Sawa. Nabaki na msimamo kwamba nakala ya maandishi matupu iwepo kando ya kila imeji, kwa ajili ya kutafuta tu. Mtu akitafuta jina la kijiji hatafungua staki 400. Mengine mmenishawishi.

#12 Mkutubi

@Hoja Kwanza, hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Nakala ya kutafutia, imeji ya kuendeshea, mawimbi ghafi ya akiba. Vyote vitatu, visikae jengo moja.

#13 Boksi la Marehemu

Wakuu, nimerudi. Mtu mmoja mwenye Greaseweazle amenisaidia. Diski nyingi zimesoma, chache zina sekta mbovu, tatu zina kuvu tumezitenga. Nimefungua nakala kwenye Basilisk II, emuleta ya Macintosh. Kuna staki ya mzunguko wa damu ambayo kila kiungo cha mwili kinafungua kadi yake, na michoro ameichora mwenyewe. Sikujua kama alikuwa anachora.

Maswali mawili. Staki moja inafunguka lakini ina alama ya kufuli na haikubali chochote. Nyingine inafunguka vizuri ila siwezi kuona skripti za vitufe. Aliweka nenosiri?

#14 Fundi Kapasita

Hongera sana. Zile tatu za kuvu usizitupe.

#15 Mtunza Diski

@Boksi la Marehemu, umefanya kazi kubwa.

Ya kufuli: kwanza angalia kama imeji yenyewe umeifunga isiandikike, kama ni hivyo kufuli ni sahihi. Kama sivyo, karibu hakika staki iliundwa kwa HyperCard toleo la 1 na wewe unatumia la 2. Toleo la 2 linaifungua kwa kusoma tu mpaka uibadilishe kwa amri iliyo kwenye menyu ya faili. Usiibadilishe kwenye nakala hiyo, kwa sababu ikishabadilishwa toleo la 1 halitaifungua tena. Tengeneza nakala nyingine ubadilishe hiyo, na ya asili ijaribu ndani ya Mini vMac (emuleta ya Macintosh za mwanzo) na HyperCard ya toleo la 1, uione kwenye skrini ya nyeusi na nyeupe ya 512 kwa 342 kama alivyoiona yeye.

Ya skripti: huenda si nenosiri. HyperCard ina viwango vya mtumiaji kuanzia 1 hadi 5. Cha 1 ni kuvinjari tu, cha 5 ndicho kinachofungua skripti, na walimu wengi walikishusha ili watoto wasivuruge kazi. Fungua staki ya Home (ile ya kuanzia ya HyperCard), nenda kwenye kadi ya mapendeleo, panda hadi 5, kisha rudi. Ikigoma, fungua kisanduku cha ujumbe ndani ya staki yenyewe uandike `set userLevel to 5`, maana skripti ya kufungulia staki huenda inakishusha kila mara. Ukishaingia, anza na skripti ya staki nzima kabla ya vitufe. Watu wa wakati ule walipenda kuandika pale juu, kwenye mistari ya maelezo inayoanza na vistari viwili, jina lao, tarehe, na darasa walilolitengenezea. Nakili mistari hiyo kama ilivyo, na makosa yake ya herufi, uiweke kwenye maelezo ya imeji.